Maharage Nyuma ya Uzio

Katibu wa chama cha wahadhiri hakuwa mtu wa kutulia hata nyakati za amani. Wanafunzi walimwita Cherehani, kwa sababu mguu wake haukukoma kutikisika chini ya meza. Mgomo wa kuwatetea wahadhiri wa muda ulipoingia wiki ya pili, alishindwa kabisa kukaa. Wenzake walijikusanya chini ya turubai mbele ya lango la chuo. Yeye aliufuata uzio kwenda na kurudi, kwa kuwa ng'ambo yake lilisimama banda la kioo lenye maharage yake. Miaka sita alikuwa ameyachagua mbegu kwa mbegu, akitafuta aina isiyoshindwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Wifi yake humtania: "Umeolewa na maharage, kaka yangu ni mgeni tu." Sasa yalikuwa yameanza kunyauka.

Amri iliyomfunga aliitunga mwenyewe. Ndiye aliyesimama mkutanoni akasema asivuke lango mhadhiri yeyote, maana aingiaye leo kuchukua miwani, kesho ataingia kufundisha.

"Cherehani, kaa basi!" aliita mhadhiri wa historia. "Unatushonea nini huko?"

"Sanda," alijibu bila kugeuka.

Mlinzi wa lango alimsogelea kwenye nyaya. "Mama, pitia huku nyuma. Mimi nitakuwa naangalia ndege."

"Hapana, mzee wangu."

"Basi niache nimwagilie mwenyewe. Maji ni maji."

Katibu alishika waya. "Ukimwagilia wewe, kazi yangu imefanyika. Tumegomea kazi, hatukugomea lango."

Alasiri uongozi wa chuo ulileta ahadi: rudini kwanza, mikataba ya wahadhiri wa muda itazungumzwa baadaye. Waliochoka walikuwa wengi, na macho yao yakamwendea Katibu. Kuliko wote, yeye alikuwa na sababu ya kukubali.

"Baadaye ndiyo lini?" aliuliza. "Wenzetu hawa husainishwa upya kila muhula kama vibarua. Mimi nakataa."

Mhadhiri wa historia alimnong'oneza, "Na maharage?"

"Ya mstari wa mbele yamekwisha."

Akanyoosha mkono wa kukataa, wa kwanza. Mingine ikafuata; si yote, lakini ilitosha. Kisha akarudi uzioni, akaufuata hadi mwisho, akageuka, akaanza tena.