Upande wa Maji

Kila kiangazi, mto Lualaba ulipopungua, fungu la mchanga lilijitokeza chini ya Kasuku, mtaa wetu wa mjini Kindu, na hapo ndipo tulipochezea voleyi. Tulicheza wawili wawili. Hatukujua kwamba kuna watu duniani wanaocheza hivyo kwa kupenda. Fungu lenyewe halikutosha watu sita kila upande. Wavu ulikuwa wa mvuvi mmoja aliyetuazima kwa masharti kwamba tukikuta samaki ndani yake ni wake. Mistari tuliichora kwa majivu ya jiko langu.

Jiko lilikuwa langu kwa sababu nilikuwa dada mkubwa. Baba alifariki, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikaanza kukaanga maandazi karibu na stesheni ili wadogo zangu watatu waendelee kula. Anayenifuata, msichana mrefu mwenye mikono mirefu kama makasia, ndiye aliyekuwa mwenzangu uwanjani.

Mpira ulikuwa mmoja. Kabla yake tulikuwa na mwingine, ukaingia mtoni siku ya kwanza, na baadaye tukasikia kwamba umeonekana karibu na Ubundu, mbali huko mto unakoelekea, watu wakiupiga kwa miguu. Huu wa pili tuliachiwa na padri mmoja alipokuwa anarudi kwao, na tuliulinda kama mgonjwa. Uwanja wetu ulikuwa na upande wa mji na upande wa maji, na hakuna aliyethubutu kupiga kuelekea majini. Ukikosea ukapiga, timu zote mbili ziliacha mchezo na kujitosa, maana Lualaba haisubiri mtu. Baada ya miaka michache hatukuhitaji hata kukumbushana. Mkono wenyewe ulijipinda kuelekea mjini.

Basi mwaka mmoja afisa wa michezo wa chama tawala, bwana mwenye abakosti ya rangi ya kijivu, lile koti la wakubwa lisilo na tai, na filimbi shingoni, akapata habari kwamba miji ya Ziwa Tanganyika inaandaa mashindano ya voleyi ya mchangani: Kalemie, halafu Kigoma, halafu Bujumbura. Kindu haiko ziwani, lakini afisa alisema Kindu ina maji na ina mchanga, na mwenye maji na mchanga ana haki zote. Akatuchagua sisi wawili, kwa sababu nusu ya wachezaji wengine walikuwa wavuvi na msimu wa samaki ulikuwa umefika.

Tatizo lilikuwa baba mkubwa. Alikuwa na duka Kampene, akiwauzia wachimbaji chumvi na betri, na kwa muda mrefu alikuwa anamtaka mdogo wangu akakae nyuma ya kaunta. Alisema nyumba yetu ina midomo minne na sufuria moja. Mimi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hatutagawanywa kama nyama ya mbuzi. Alipopata habari za safari alikuja Kindu, akala maandazi yangu saba, akafuta mikono.

“Muende,” alisema. “Mukirudi na ushindi, hata moja tu, nitanyamaza mpaka kufa. Mukirudi bila kitu, huyu mutoto anafunga mizigo, tunaenda naye Kampene.”

Nilimwambia ni sawa. Mdogo wangu aliniangalia kama mtu aliyeuzwa kwa kilo.

Chama kilitupa vitenge vyenye picha ya kiongozi wa nchi, tuvifunge juu ya kaptura. Fundi alikata bila kufikiri, na picha ikaangukia mahali pa kukalia. Afisa alivikagua, kisha akatuomba kwa upole kwamba kama ni lazima tuanguke, tuangukie magoti. Makovu ya magoti yangu yanatokana na amri hiyo.

Tuliwaacha wadogo wawili kwa mama jirani, tukapanda treni, ambayo iliondoka siku iliyopenda yenyewe na kupumzika Kabalo kama mtu aliyekwenda kusalimia ukoo. Mpira wetu tuliubeba ndani ya mfuko wa chikwanga, mikate yetu ya muhogo. Afisa alisema huko kuna mipira mingine, lakini hatukuona sababu ya kumwamini.

Kalemie tulianza vizuri. Mdogo wangu alipiga mpira wa kwanza kuelekea mjini na tukapata pointi. Halafu mpinzani mmoja akakosea, mpira ukatoka nje na kuelekea ziwani. Ilikuwa pointi yetu. Tungeweza kusimama na kupigiwa makofi. Badala yake sote wawili tulikimbia, tukajitosa na vitenge vyetu, tukaufuata mpira kwa kuogelea na kuurudisha tukihema, huku watu wote wakitushangaa, na mwamuzi akiwa ameshika mpira mwingine aliouchukua ndani ya kikapu.

Alitueleza kwamba mipira ipo ya kutosha. Tulimwelewa kabisa. Mpira uliofuata ulipokwenda majini tulikimbia tena. Kitenge kikilowa ni kizito kama mtoto aliyelala, na kabla ya seti ya kwanza kuisha tulikuwa tunacheza kama wanawake wawili waliobeba watoto mgongoni. Tulishindwa.

“Yaya,” mdogo wangu aliniambia jioni, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, akikamua kitenge, “miguu yangu haikuniuliza.”

Tulivuka kwenda Kigoma kwa meli. Huko tulipambana na manesi wawili wenye Kiswahili cha taratibu na macho makali. Safari hii nilikuwa nimemwapisha mdogo wangu asikimbilie majini, naye aliniapisha mimi, na tulifaulu karibu kila mara. Lakini manesi walikuwa wamegundua jambo lingine. Baada ya mipira michache yule mfupi alimwita mwenzake waziwazi, bila hata kushusha sauti.

“Dada, njoo usimame huku nchi kavu. Hawa wanaogopa maji.”

Wakahamia wote wawili upande wa nchi kavu. Nusu ya uwanja wao ikabaki tupu, pana, imelala kama mkeka. Mdogo wangu aliruka, akauona mkeka ule, akainua mkono, na mkono ukajipinda kuelekea walipo manesi. Nilimpigia kelele. Nami nilipopata nafasi yangu, nilipiga palepale walipo. Tuliposhindwa tena, yule mfupi alitushika mikono na kutuuliza kama kwetu tuna mamba. Nikamwambia hapana, tuna Lualaba.

Ikabaki Bujumbura. Manesi walikuwa kwenye meli ileile, na hadi tunafika kila mtu bandarini alishajua kwamba watu wa Kindu hawapigi upande wa maji. Mdogo wangu alianza kuniuliza maswali ya Kampene: kama kuna soko, kama baba mkubwa anakoroma, nani atamsuka. Nilimjibu kwamba hajafika huko. Sauti yangu haikuwa na nguvu.

Asubuhi ya mechi nilikaa ukingoni nikila mhindi wa kuchoma, kwa kuwa hasira yangu siku zote hupitia mdomoni. Nilipomaliza nikalitupa gunzi ziwani. Baada ya muda likagusa mguu wangu. Nikalitupa tena, mbali zaidi, kwa uchungu. Likarudi, polepole, likipanda na kushuka, kama mtu aliyesahau kofia.

Nilizaliwa mtoni. Kwangu kitu kilichoingia majini kimeshaondoka, na unachoweza kufanya ni kuwaonea wivu watu wa Ubundu. Nililitazama gunzi lile kwa muda mrefu. Kisha nikaenda kumwamsha mdogo wangu, nikamleta ukingoni, nikautoa mpira wetu kwenye mfuko wa chikwanga na kuutupa ziwani.

Alinirukia shingoni. Ilibidi nimshike kwa nguvu zote asijitose, na tulipokuwa tunashindana hivyo afisa alitoka nje akatukuta, akadhani tunagombana kwa ajili ya chai. Halafu wimbi likauleta mpira. Ukasimama kwenye miguu yetu, ukitiririka maji.

Mdogo wangu alichuchumaa akaugusa kwa kidole.

“Yaya,” alisema, “haya maji iko na adabu.”

Wapinzani wetu walikuwa dada wawili warefu wa palepale mjini. Kama tulivyotarajia, walijibana wote upande wa nchi kavu kama kuku chini ya paa mvua ikinyesha. Nikamwinulia mdogo wangu mpira. Aliruka, akafumba macho, na akapiga kuelekea maji. Ulianguka kwenye mchanga mtupu, ukabingirika hadi ziwani. Filimbi ikalia. Sisi hatukushangilia. Tulisimama tumeshikana mikono, tukitazama ziwa, mpaka lilipourudisha. Hapo ndipo tulipopiga kelele, na hakuna aliyeelewa kwa nini tunalishukuru ziwa badala ya mwamuzi.

Kuanzia hapo mdogo wangu hakupiga pengine popote. Kila walipohamia upande wa maji, mimi nilipiga upande wa mji, ambao niliujua tangu utoto. Pointi ya mwisho ilipoanguka, afisa alipuliza filimbi yake mwenyewe na kucheza dansi ndani ya mistari mpaka mwamuzi akamfukuza. Mdogo wangu alianguka chali kwa furaha, akalala moja kwa moja juu ya kiongozi, na afisa akageuza uso akajifanya anatafuta viboko ziwani.

Baba mkubwa alikuja kutupokea Kindu na sanduku tupu la kumfungia mdogo wangu mizigo. Afisa alimsimulia ushindi mara mbili, mara ya pili akiruka. Baba mkubwa hakusadiki. Alisema Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, atakuja mchangani ajionee mwenyewe namna tulivyowashinda watu wa Bujumbura. Alikuja amevaa abakosti yake nzuri, akakunja mikono.

Nilimwinulia mdogo wangu mpira kama nilivyomwinulia kule. Aliruka vizuri kuliko siku zote, akapiga kama alivyopiga kule, kwa imani yote, kuelekea maji. Mpira uligusa mchanga na kuingia Lualaba. Tukashikana mikono na kuusubiri.

Aliyekumbuka kwanza kwamba haya si maji ya ziwa ni baba mkubwa. Alizaliwa hapahapa, na miguu yake haikumuuliza. Alishuka ukingo mbio, akajitosa na abakosti na viatu, na tulipofika majini kichwa chake kilikuwa kinazidi kuwa kidogo, kikimkemea mvuvi mmoja ageuze mtumbwi.

Alirudi alasiri kwa miguu, mpira kwapani, mikono ya abakosti imenywea hadi viwiko. Mdogo wangu alimpokea mpira kwa mikono miwili.

“Ile ya Bujumbura,” baba mkubwa aliuliza, “mulipiga vile vile?”

“Vile vile, baba mukubwa,” mdogo wangu alijibu.

Akatikisa kichwa, akaomba maandazi. Alikaa kwetu hadi nguo yake ilipokauka, juu ya kamba, pembeni ya wavu wa mvuvi, na alipoondoka kwenda Kampene sanduku lake lilikuwa tupu kama lilivyokuja, isipokuwa maandazi niliyomfungia ya njiani.