Bonde Lisilo na Panzi

Kaka yangu aliponiomba tuhamishie mazoezi yake bondeni, mahali ambapo hakuna mtu angemwona, nilipaswa kukataa. Sababu ya kukataa nilikuwa nayo, na kati yetu wawili niliijua mimi peke yangu. Nikasema sawa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Goma ilikuwa bado mji mdogo: nyumba za Wazungu kando ya ziwa, na sisi wengine huku juu, kwenye mawe meusi ya volkano. Nilikuwa nimemaliza miaka minne ya sekondari kwa mapadri, na nilifanya kazi ya kuandika barua katika ghala moja la kahawa. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa mpakiaji bandarini. Alikuwa mtu mnene. Mkewe alipika vizuri, na jioni alipenda kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Siku zile tumbo halikuwa aibu kwa mwanamume. Lilionyesha kwamba nyumbani kuna mtu anayemtunza.

Mwaka ule kapita, msimamizi wa wapakiaji, alikuwa amezeeka, na Mzungu wa bandari akasema atakayeshika nafasi yake atapatikana kwa mtihani, wiki moja baada ya Pasaka. Kila anayetaka apandishe gunia kutoka gatini hadi ghalani mara kumi bila kuketi, na mwishoni aweze bado kuita majina ya wenzake kwa sauti kubwa. Alisema hataki kapita anayeamrisha kwa kuhema. Kapita hakubeba tena, na alipewa nyumba ya matofali yenye sakafu ya sementi. Hiyo sakafu ndiyo iliyomshika kaka. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, nao walikaa katika nyumba ya miti na udongo, juu ya mawe yanayokata ngozi kama chupa.

"Mutoto wangu hatatambaa juu ya hii mawe," aliniambia. "Magoti yake itaisha."

Alijaribu peke yake. Alipandisha gunia mara nne. Mara ya tano aliketi katikati ya mwinuko wa kwenda ghalani, gunia kando yake, wenzake wakicheka. Jioni ile alikuja kwangu.

"Mudogo, weye ulisoma. Unitengeneze mwili."

Nilikuwa na kitabu chembamba cha Kifaransa kuhusu mazoezi, nilichoachiwa na padri aliyetufundisha michezo. Kwenye jalada alisimama mwanamume aliyevaa kaptula fupi sana, mikono kifuani, sharubu zimechongoka.

"Huyu alikosa suruali?" kaka aliuliza.

"Ni mwanamichezo, kaka."

"Na ile masharubu, anainua nayo nini?"

Nilimsomea. Kitabu kilisema kukimbia kunayeyusha mafuta na kuongeza pumzi, na kuinua vitu vizito kunajenga nyama ya mwili; anayekimbia tu huyeyusha hata nyama, na anayeinua tu hubaki na mafuta yake na pumzi fupi. Kwa hiyo siku moja ni ya miguu, siku nyingine ni ya mikono, na ya saba ni ya kupumzika. Ale maharage, samaki na mayai, apunguze bugali na aache pombe. Kaka alisikiliza kama mtu anayesikiliza Injili, kisha akafanya alivyotaka. Alikuwa na haraka. Alikimbia kila siku, akala mara moja kwa siku, na baada ya wiki tatu tumbo lilikuwa limepungua kweli. Lakini gunia likamshinda mara ya pili tu. 

"Umeyeyusha hata kilichotakiwa kubaki," nilimwambia.

Hapo ndipo alipoanza kunitii, na mimi nikaanza kujiona. Nilijaza sementi katika bidoni mbili, zile debe za rangi, na kuziunganisha kwa bomba la chuma. Mawe yetu hayakufaa. Yana matundu kama mukate, unaona jiwe kubwa, ukiliinua ni jepesi. Nilimpangia siku za kukimbia na siku za kuinua. Nilimrudishia chakula. Shemeji alifurahi kwa hilo tu.

"Batu banasema nakunyima bugali," alimwambia mumewe mbele yangu. "Mama yako akifika, atanirudisha kwetu Rutshuru na mimba yangu."

"Mwambie mwalimu wangu."

"Mwalimu gani? Huyu mwenye mikono kama ufito?"

Tulicheka wote watatu. Shemeji alicheka akishika tumbo lake kwa mikono miwili.

Shida ilikuwa barabara. Kaka alikimbia kwenye njia ya kwenda soko la Kituku, na wanawake waliotoka kununua samaki walimwita: "Papa, nani anakufukuza? Ni polisi ao ni bibi yako?" Wapakiaji waliokuwa wakishindania nafasi ile ile walikuja kumtazama akiinua bidoni zangu, wakahesabu pamoja naye kwa sauti, wakiruka namba ili akosee. Aliweza kuvumilia gunia, lakini kuchekwa hakuweza.

Juu ya mtaa wetu, karibu na shamba la mama muzee mmoja mjane, kulikuwa na bonde dogo, kama bakuli, lililozungukwa na mawe. Chini kulikuwa na majani mororo, ya kijani kuliko popote. Mimi nililiona kwanza, nilipokuwa natafuta mahali pa kuweka bidoni. Yule mama alinyoosha mgongo, jembe mkononi.

"Mutoto, usishuke kule."

"Juu ya nini, mama?"

"Mbuzi yangu ililala pale, haikuamuka. Ni mazuku. Ile nafasi inakula pumzi."

Mazuku nililisikia tangu utotoni. Wazee walisema ni pepo mbaya anayekaa mashimoni, hana rangi wala sauti, anaua anayelala. Kwa mapadri nilijifunza kwamba hakuna pepo wa namna hiyo, na hakuna aliyenifundisha kwamba kitu kinaweza kupewa jina lisilo sahihi na bado kikaua. Nilimjibu kwa heshima, kama anavyojibu kijana aliyesoma: "Asante, mama muzee. Lakini ile ni mambo ya zamani."

Siku chache baadaye kaka mwenyewe akalionyesha bonde kwa kidole. "Tushuke pale. Hakuna mutu anapita pale." Sikumwambia kwa nini hapiti mtu. Niliogopa ataamini, mazoezi yavunjike, na pamoja nayo heshima yangu ya ualimu.

Tulishuka saa kumi za mchana, alipotoka kazini. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma na majani ya juu yalilala upande mmoja. Ya chini hayakutikisika. Tulikaa muda kabla sijaelewa kilichokosekana. Hakukuwa na panzi. Kote Goma, ukikanyaga majani, panzi wanaruka na kulia mbele yako. Pale nilikanyaga, na kilichosikika ni mguu wangu tu. Chini ya jiwe moja niliona vipepeo wengi wamekunja mabawa, kama makaratasi yaliyochomekwa. Niligusa mmoja. Akaanguka.

Kaka aliketi apumzike, akawasha kiberiti avute sigara aliyonificha. Njiti ikazimika. Akawasha nyingine, ikazimika kama iliyopulizwa na mtu aliyeketi mbele yake. Alisimama kwa hasira, akawasha ya tatu, ikawaka vizuri.

"Unaona?" alisema. "Hata kiberiti inakusaidia weye."

Nikacheka. Nilisema ni unyevunyevu.

Wiki zile kaka aliendelea kwa namna iliyonishangaza. Kukimbia alikimbilia ukingoni, kuzunguka bakuli, na kuinua aliinua chini, amelala chali kama mtu wa kitabuni, bidoni juu ya kifua. Kila alipoinuka alikuwa anahema haraka sana, jasho linamtiririka, moyo unapiga hadi niliona fulana ikiruka. Alilalamika kichwa kinamgonga.

"Ni mafuta yanatoka," nilimwambia.

Nayo yalikuwa yanatoka kweli, hilo ndilo lililonidanganya. Mabega yalijaa. Mkanda uliingia tundu la tatu. Alipandisha gunia mara nane na kuita majina yetu sote, hata la mbwa wake. Kila dalili ambayo bonde lilitupa, mimi nilikuwa na ukurasa wake kitabuni. Siku moja mbwa huyo alitufuata, akalala majanini, na tulipoondoka alitembea kama mlevi. Nilisema ni jua.

Zilibaki siku tisa kabla ya mtihani. Kupandisha gunia mara nane hakukutosha, zilihitajika mara kumi. Hapo nilifanya mambo mawili ambayo hakuna aliyeniomba, na la kwanza kitabu kilikuwa kimelikataza. Niliunganisha siku ya miguu na siku ya mikono: akimbie kwanza hadi achoke, kisha, pumzi ikiwa bado juu, alale ainue. Nilifikiri ndivyo gatini kunavyokuwa, mtu anabeba akiwa tayari anahema. Na kwa kuwa mazoezi mawili yalihitaji muda mrefu, nilihamisha saa. Badala ya mchana, alfajiri.

Usiku ulikuwa umenyesha na upepo ulikuwa umekufa. Tulifika kukiwa na mwanga wa kijivu. Ziwa halikuonekana. Moshi wa jikoni za mtaani ulikuwa umelala juu ya mapaa badala ya kupanda. Kaka alikimbia akizunguka ukingo mara kumi na mbili, nami nimesimama juu ya jiwe na saa ya mkononi niliyopewa na mapadri. Alikuwa mwepesi. Alipopita mbele yangu aliita majina ya wapakiaji, moja moja, akifanya sauti ya kapita.

Kisha alishuka, akihema, akajilaza chini ya bidoni.

"Hesabu, mudogo."

"Hesabu mwenyewe. Kapita anahesabu mwenyewe."

Akaanza. Sauti yake ilipanda kutoka bondeni ikiwa nzito na ya karibu, kana kwamba alikuwa anahesabia sikioni mwangu. Moja. Mbili. Saba aliisema polepole. Nane. Tisa aliisema kama mtu anayesinzia kanisani. Bomba likashuka kifuani na kutulia.

"Bado moja, kaka!"

 Nilidhani ananitania. Nilihesabu mimi, "Kumi!", nikapiga makofi. Makofi yangu yalisikika peke yake. Nikashuka. Nilipokuwa nimesimama sikuhisi kitu, ila ubaridi miguuni, kama maji. Nilipoinama nimshike bega, ukali ulinipanda puani, kama wa limonadi, na kifua kikaanza kuvuta hewa bila amri yangu. Macho yake yalikuwa wazi. Uso haukuwa na maumivu wala mshangao. Nilisukuma bomba, halikusogea. Nilisimama, pumzi ikarudi. Niliinama tena, ikaondoka. Mara ya tatu sikuinama. Hilo nalisema kwa sababu hakuna aliyeliona. Niliogopa, nikapanda juu, nikamwacha chini akiwa peke yake.

Yule mama muzee alisikia nikipiga kelele. Alikuja na wanaume wawili na kamba.  Aliwaambia wasiiname, watege kitanzi mguuni wakiwa wamesimama na kuvuta. Bidoni zilibaki kule chini.

Muuguzi wa zahanati alimtazama, akaniuliza alikuwa akifanya nini. Nilisema alikuwa akikimbia. Akaandika kwamba moyo umesimama, mtu mnene.

Siku ya pili ya matanga shemeji aliniita nyuma ya nyumba. Hakuwa analia tena.

"Yule mama anasema ni mazuku. Muuguzi anasema ni moyo, juu ya mafuta. Weye ulisoma. Ni nini?"

Nilijua. Kama ningesema mazuku, swali la pili lingekuwa nani alimpeleka kule, na la tatu kama aliyempeleka alikuwa ameonywa.

"Ni moyo," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi. Ni chakula yangu."

Nikarudi kuketi na waombolezaji.

Alirudi kwao Rutshuru kabla ya kujifungua. Alizaa mvulana. Nilikwenda kuwaona mtoto alipokuwa na miaka mitano au sita. Shemeji alinikaribisha kwa adabu, akaniwekea bugali na maharage, sahani imejaa. Mbele ya mtoto aliweka kiasi cha ngumi yangu. Mtoto alimaliza haraka, akatazama sahani yangu bila kuomba. Mikono yake ilikuwa kama ufito, na shingo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba niliona damu ikipiga ndani yake.

"Mwongeze kidogo," nilisema.

"Hapana," alijibu shemeji. "Huyu sitamuua."

Hapo nilimwambia. Nilimsimulia habari za bonde, mama muzee na mbuzi wake, njiti za kiberiti, vipepeo, saa ya alfajiri. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alichukua sahani yangu, akamimina chakula chote mbele ya mtoto, akamwambia kula. Mimi akaniambia nitoke, nisirudi.

Sikurudi. Mtoto yule sasa ni mzee mwenye wajukuu, naambiwa. Huenda hakumbuki uso wangu. Siku hizi inajulikana kwamba mazuku ni gesi ya volkano, nzito kuliko hewa, inayotuama mashimoni pasipo upepo; watu wa Goma huonyana, huweka alama, huwakataza watoto wasishuke mashimo yale. Mimi nikipita karibu na lile bonde asubuhi isiyo na upepo, nasimama juu na kusikiliza kama kuna panzi.

Nilipokubali kushuka bondeni nilimpoteza kaka yangu, aliyekufa kwa sababu nilificha onyo, na niliposema "ni moyo" nilimwibia mkewe miaka ya amani na mwanawe miaka yake yote ya kwanza ya shibe. Wao wawili ndio nyumba aliyoiacha kaka, na sikuwapata tena.