Kilo za Baba

Nikisikia harufu ya samaki wa chumvi aliyeshinda juani, narudi ndani ya ndege ndogo, siku ile ilipoinama upande mmoja juu ya ziwa. Majirani zangu hapa mtaani Ndosho humnunua samaki huyo Jumamosi, wakampika, wakalamba vidole. Mimi simli, na sipendi kuulizwa kwa nini. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa. Wakimbizi kutoka nchi jirani walikuwa wameujaza mji wa Goma mpaka juu ya mawe ya volkano, kisha vita vikahamia kwetu, na sisi wenyeji tukajifunza kazi yao ya kukimbia. Baba alikuwa amekwenda Rutshuru kuchukua maharagwe. Lori lao lilishambuliwa njiani, abiria wakatawanyika porini, barabara ikafungwa nyuma yao. Miezi minne ilipita bila neno.

Mama aliuza maharagwe, na pale nyumbani tulikuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia. Kila Jumapili baada ya misa Baba alipanda juu yake na viatu vyake na kutangaza, "Swasanti-wit! Mama Masika, unanilisha mubaya, niko tu palepale!" Masika ndiye mimi. Kilo hizo sitini na nane za Baba zilikuwa mzaha wa nyumba nzima. Basi mchuuzi mmoja wa samaki alipokuja kusema kwamba kule Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, kuna Kasereka wa Butembo aliyevunjika mguu akikimbia vita, anangoja kuchukuliwa na watu wake, Mama hakuuliza swali la pili. Baba aliitwa Kasereka, na kwao ni Butembo. Lakini kwetu Wanande mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa kwake, na wa tatu wa kiume katika kila nyumba ni Kasereka. Mama aliyajua hayo kabla mimi sijazaliwa. Mfa maji hukamata maji.

Njia iliyobaki ilikuwa ndege ndogo iliyopeleka chumvi kwa wavuvi asubuhi na kurudi na samaki alasiri. Ndege ile haikuwa na viti vya abiria. Kila kitu kilipimwa, gunia na mtu, na kuandikwa daftarini. Mama alipanda mizani akinishika mkono, kisha akamwambia karani, "Ya kurudia, andika na ya bwana yangu. Kilo swasanti-wit." Wachuuzi wa samaki walinung'unika, maana kilo hizo zilikuwa nafasi yao. Mama hakuwatazama. Alikuwa amebeba suruali ya Baba iliyopigwa pasi, na fimbo kwa ajili ya mguu.

Sijawahi kuona uzuri kama ule, na naona aibu kuukumbuka. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi. Mahema ya wakimbizi yalipita chini yetu, kisha mbuga, kisha ziwa likafunguka. Chumvi nyingine ilikuwa ya kijiji cha upande wa pili, tukaanza huko, kwa hiyo rubani alifuata ukingo wa maji, chini kabisa: milima iliyoingiza miguu ziwani, viboko waliojipanga kwenye tope, ndege weupe walioruka kwa pamoja kila tulipopita. Nilicheka. Nilisahau kabisa tulikuwa tunakwenda kufanya nini. Mama alitazama mbele tu, midomo ikihesabu rozari.

Vitshumbi tulipelekwa kwenye kibanda nyuma ya vichanja vya samaki. Mtu aliyelala mkekani alijiinua kwa viwiko. Alikuwa kijana, mweusi kuliko Baba, na mguu wake kweli ulikuwa umefungwa vijiti. Alimtazama Mama kwa matumaini, kama mtu aliyeambiwa ndugu zake wamefika. Walitazamana, na nikaona matumaini yakiwatoka wote wawili kwa wakati mmoja.

"Munisamehe, mama," akasema. "Miye ni Kasereka kabisa. Lakini si wenu."

Mama alimwachia fimbo. Suruali hakumwachia.

Uwanjani karani wa Vitshumbi, aliyeletewa daftari na rubani, aliuliza zile kilo sitini na nane ziko wapi. Mama aliikunja ile suruali upya. Asiyekuwapo na lake halipo; wachuuzi walikwisha kuleta kapu, wakaliongezea samaki mpaka mizani ikasoma sawasawa. Nililia nikiomba tumchukue yule kijana, angalau nafasi isiende bure, na Mama akanipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile. Kapu liliwekwa kati yetu, maji ya chumvi yakachuruzika hadi miguuni mwangu, na safari hii sikutazama nje.

Husemwa subira huvuta heri. Sisi tumemsubiri Baba mpaka nimekuwa mama wa watu, na kilichokuja ni vita vingine. Mwaka jana mume wangu alipita njia ya Lac Vert kwenda Sake kutafuta makaa, hakurudi. Sasa hata uwanja wa ndege wa mji wetu umefungwa. Juzi jirani alinijia na habari kwamba kuna mtu mwenye jina la mume wangu ameonekana ng'ambo ya ziwa letu la Goma. Nilimshukuru, nikaendelea kuosha sufuria. Mama, ambaye siku hizi haongei wiki nzima, alinyanyua kichwa pale mlangoni.

"Bwana yako iko na kilo ngapi?"

Nilifikiri sana, mikono ndani ya maji. Sijui. Sikuwahi kumpima.