Sisi Huanza na Keria

Pikipiki yetu ya kwanza tuliiuza Jumatatu. Jumatano nikaikuta sokoni Isevya imebandikwa stika ya kampuni ya ng'ambo, nyekundu, imefunika tangi zima. Niliitambua kwa keria, maana ile keria niliichomelea mwenyewe na kovu lake ninalo mpaka leo kwenye kidole gumba. Kibati chenye jina letu, tulichokipigilia kwenye shingo ya fremu, kilikuwa kimeng'olewa.

Nikamwuliza mwenye nayo, dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria, kwa nini amefanya vile. Hakuona haya hata kidogo.

"Dada, chombo ni kizuri, sikufichi," alisema. "Ila abiria akisikia imetengenezwa Isevya, anashuka. Mtu haamini kitu kilichozaliwa jirani na kwao."

Nilitamani kuibandua ile stika kwa kucha zangu. Nikaondoka kwa miguu, nikiongea peke yangu njia nzima, na watu wakinipisha.

Karakana yetu iko uani kwa marehemu baba, Isevya hiyohiyo. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu. Yeye ni mtu wa injini, mimi ni mtu wa chuma. Injini tunanunua zikiwa kwenye maboksi kutoka nje, na sioni cha kuficha hapo. Fremu, tangi, siti na keria ni kazi ya mikono yetu. Baba alikuwa fundi baiskeli. Hakuna baiskeli ya dukani iliyopita kwake bila kukatwa na kuongezewa vyuma, kwa sababu alisema aliyeitengeneza hajawahi kuona gunia. Mteja akija, baba hakumwuliza anataka rangi gani. Alimwuliza anabeba nini. Akishajua, alitengeneza keria kwanza, akaiweka juu ya matofali, akaipakia mzigo wenyewe, na ikishastahimili ndipo alipoitafutia magurudumu. Sisi pikipiki tunaitengeneza hivyohivyo. Kampuni kubwa zinatengeneza kiti cha mtu, halafu watu wa huku wanafunga mzigo kwa mipira na kumwachia Mungu. Mji huu umejengwa na wapagazi, watu waliobeba mizigo mabegani kwenda pwani na kurudi. Leo eti tufundishwe na wageni mzigo unakaa wapi.

Mdogo wangu alisikiliza habari ya stika huku anakunywa chai, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Basi tubandike wenyewe. Zile tatu zilizobaki zinalaliwa na kuku, dada. Tukiagiza stika Dar zitaondoka. Kama hutaki, soko la tumbaku likifungwa hatujauza hata moja, turudi kwenye grili za madirisha. Nimechoka kuchekwa."

Grili za madirisha nimezichomelea miaka mingi, na sitaki kuziona tena mpaka naingia kaburini. Nilimwambia atabandika stika akishanizika. Kesho yake nikaachana na vibati. Nikawasha mashine ya kuchomelea, nikaweka alama aliyokuwa akiitumia baba, matone matatu ya chuma shingoni mwa kila fremu. Hiyo haing'olewi na bisibisi ya mtu.

Sasa, mjini alikuwapo wakala wa mojawapo ya hizo kampuni. Alikuwa Mzaramo, rika langu, na kwa hiyo mtani wangu. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, na mtani akikutukana au akichukua kitu chako hukasiriki. Huyu bwana kila akiniona aliita kutoka ng'ambo ya barabara, "Shikamoo, mpagazi!" Mimi ni mwepesi wa hasira, ndiyo kasoro yangu, ila kwa mtani nilijitahidi nisikasirike mpaka nifike nyumbani.

Kisha shangazi yetu, dada yake baba, akafariki kule Cheyo. Mtani akaja msibani na wenzake, akaifanya kazi yake sawasawa. Makaburini alikalia koleo mpaka tukambembeleza. Siku ya kumaliza matanga alijifunga kanga ya marehemu, akawa anafokea wageni kwa sauti yake ileile, mkono kiunoni. Tulicheka huku machozi yanatoka, na nilimpenda kwa hilo. Lakini hakuishia hapo.

"Marehemu alikuwa na akili," akasema. "Ameona heri afe kuliko kupakiwa kwenye pikipiki ya mtoto wa kaka yake."

Watu walivunjika mbavu. Hata mdogo wangu alicheka. Mimi lilinichoma, kwa sababu shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipanda pikipiki yetu, breki hazijafungwa, akizunguka uani huku anapiga vigelegele. Hakuna aliyetuamini kabla yake.

Ufunguo wa pikipiki yake mpya ulikuwa mkekani, karibu na kofia yake. Nikauchukua, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

"Mtani, nimechukua," nikasema.

Msibani mtani ndiye anayechukua vya wafiwa, na wafiwa ndio wanaokomboa. Mfiwa kumchukulia mtani ni kuigeuza mila kichwa chini miguu juu, na nililijua hilo wakati naufunga. Baba mdogo akaanza kunikemea. Bibi mmoja wa Kizaramo, mkubwa wa watani waliokuwapo, akamkatiza.

"Mwacheni. Utani ni njia, na njia ina wanaokwenda na wanaorudi. Aseme ufunguo unakombolewa kwa kitu gani."

Nikasema ninachotaka ni kazi. Apakie mabelo mawili ya tumbaku, nami nipakie mawili, tuyatoe shambani mpaka kituo cha kununulia, huko Urambo. Akinitangulia kufika na mzigo wake, anachukua ufunguo na mimi nafunga karakana; nikimtangulia mimi, ufunguo unabaki pindoni mwangu.

Mdogo wangu alinitazama kama mtu ambaye nyumba yake imeuzwa akiwa amelala. Maneno yalikuwa yameshatoka, na mashahidi walikuwa wamejaa jamvi zima.

Shamba lilikuwa la mama mmoja Mmoraviani, mkulima ambaye tuliwahi kumtengenezea mlango wa bani la kukaushia tumbaku. Tumbaku yake ilikuwa tayari na ilihitaji kwenda. Belo ni furushi la tumbaku iliyoshindiliwa na kushonewa gunia, na moja linakaribia uzito wa mtu mzima. Mama alikagua kamba zote, akatuombea wote wawili bila upendeleo, akasema atatufuata kwa gari la jirani yake, na asione belo limechanika.

Mtani aliondoka, na mimi nikabaki na vumbi lake. Pikipiki yake ilikuwa na mbio na ilikuwa kimya. Yetu inanguruma kama mtu anayetafuta ugomvi, na kwenye mchanga inakwenda polepole. Baada ya muda hata vumbi lake sikuliona tena. Nilianza kuziwazia grili. Niliwaza nitamwambia nini mdogo wangu, na nikaogopa kweli, hasa kwa sababu hakuna aliyenilazimisha.

Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo tu nilipomkuta kwenye korongo la mchanga. Boliti za keria yake zilikuwa zimekatika. Mzigo ulikuwa umekaa nyuma mno, ukaivuta pikipiki mpaka gurudumu la mbele likanyanyuka, na vyote vikalala. Hakuumia. Alikuwa amekaa juu ya belo, anakung'uta mchanga kwenye viatu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

"Pita," alisema. "Umeshinda."

Nilitaka kupita. Nisidanganye, nilikuwa nimeshakanyaga gia. Lakini mtani hamwachi mtani njiani na mzigo wake, na baba angetoka kaburini kunicharaza. Tena tumbaku ile ilikuwa ya mama wa watu. Nikazima injini.

"Nyanyua hilo," nikamwambia. "Lije huku."

Tulilipandisha belo la tatu juu ya mawili yangu. Keria ililia. Niliisikia, naye aliisikia, tukatazamana. Kisha ikatulia, kwa sababu ilitengenezwa kabla ya kitu kingine chochote, na mzigo wote ulikuwa umekaa juu ya gurudumu. Belo la nne tukalifunga kwenye siti yake, mahali pake pa kukaa. Ikabidi aisukume pikipiki kwa miguu. Nilikwenda mwendo wa konokono ili nisimwache, na nyuma yangu nilimsikia anahema.

Tuliingia kituoni hivyo, mabelo matatu na kelele mbele, belo moja na Mzaramo nyuma. Wakulima waliokuwa kwenye foleni waliacha kuongea. Mmoja akauliza hii pikipiki ni ya kampuni gani. Nilifungua mdomo, mtani akaniwahi.

"Ya Isevya," akasema kwa sauti, jasho linamtoka. "Inatengenezwa Isevya na huyu mpagazi, na mimi nimekula vumbi lake."

Nikafungua pindo la kanga, nikampa ufunguo wake, ule wa mkekani, maana njia nzima alikuwa ameendesha kwa ufunguo wa akiba. Mama mwenye tumbaku aliposhuka alikagua mabelo yake kwanza, yote manne. Halafu akaizunguka pikipiki, akagusa yale matone matatu shingoni, akauliza kama ni ubovu.

"Ni alama ya baba yetu, mama."

"Basi kwenye yangu msiisahau."

Alichukua yake kabla soko halijafungwa. Siku ile ya mashindano, niliporudi Isevya kumpa mdogo wangu habari, nilimkuta amekaa na kifurushi kilichotoka Dar kwa basi. Aliziagiza stika zile kwa siri, na hakuweza kunitazama. Sikumfokea. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na banda la kuku lilikuwa linavuja. Alichukua stika zote, akazibandika kwenye mbao, moja baada ya nyingine, mpaka nyufa zikaziba. Kuku wetu sasa wanalala kwenye kampuni kubwa ya ng'ambo, na hawalali tena kwenye pikipiki zetu.

Hatujatajirika. Zile kampuni hazijui kama tupo, na sokoni bado wapo wanaotucheka. Wacheke, meno ni yao. Mimi naamka, naweka keria juu ya matofali, naipakia, naitazama.

Juzi mtani alipita mbele ya karakana. Aliegesha, akachungulia ndani, akavua kofia.

"Shikamoo, mpagazi."

"Marahaba," nikamjibu. "Lete mzigo."