Kifungio Kinachoachia

Siku ya kwanza karakana nilivaa tai. Mkuu wa karakana, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na kukizungumza kwa usafi wa kutisha, aliitazama akasema, "Ndugu fundi, mashine ya kunolea itaila tai hiyo pamoja na shingo." Niliivua. Lakini diploma yangu ya ufundi mitambo sikuirudisha kwenye bahasha mpaka alipoisoma yote.

Duka lilikuwa Falls Church, huko Marekani, karibu na barabara ya Route 7, na kazi yake ilikuwa kuuza na kukodisha skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba ambazo mtu hujifunga miguuni akateleza juu ya theluji. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Watanzania wengi niliowakuta walikuwa wanasukuma vitanda vya wagonjwa au wanabeba maboksi. Mimi niliingia kwa cheti, na ndani ya majira machache nilikuwa naibu wa mkuu wa karakana. Sikubebwa na mtu.

Kabla ya karakana nilipangwa ghala la duka hilo kule Hyattsville, kulikotupwa vitu vilivyokosa wanunuzi. Kila aliyewahi kufikiri amevumbua kitu alikuwa na kaburi lake mle. Kulikuwa na ubao mmoja mpana wa kubeba miguu yote miwili, buti lililofunguka kwa nyuma kama mlango wa friji, fimbo za kujisukumia zenye dira kwenye mpini, na kiti cha baiskeli kilichopandishwa juu ya skii. Msimamizi wa ghala, mama wa Kikongo, alikuwa na neno moja kwa vyote: "Papa, ile ni kitu ya kutupa." Mimi sikutupa kabla ya kufungua. Kila kimoja nilikivunja nikajua kwa nini kilishindwa, na ndiyo maana nilipofika karakana hakuna aliyenifundisha mara mbili.

Karakana ina kazi tatu: kunoa kingo za chuma kwa tupa, kupaka nta kwa pasi ya moto, na kurekebisha vifungio. Kifungio ndicho kinacholishika buti kwenye skii, na ndicho chenye dhamana ya mguu wa mtu.

Majira mamoja ya baridi, kamati ya Watanzania iliandaa safari ya kwenda milimani. Mwenyekiti wake, mtumishi wa serikali anayeishi Bowie, alikuja karakana na binti yake Neema. Binti alinisalimia shikamoo, na mengine yote akayasema kwa Kiingereza. Baba alibeba skii na mabuti ya zamani aliyoyanunua kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake vikuukuu.

"Mdogo wangu, nikazie hivi vifungio. Neema anavivaa Jumamosi."

Nilivitambua mara moja. Kiwanda kilikwisha kuacha kuvidhamini, na kanuni ya duka ilikataza kuvirekebisha. Hata hivyo niliibana skii kwenye jiliwa la mezani, nikaweka buti, nikalisokota kwa spana ya kupimia nguvu. Nilifika kipimo ambacho hata kifungio cha mwanamume mzito kinapaswa kuachia, nikapita. Buti halikutoka.

Mwenyekiti akapiga kofi. "Unaona? Imara! Vya siku hizi ukikohoa vinachomoka."

"Mzee, kuchomoka ndiyo kazi yake. Mtu akianguka, ubao huu unamkunja mguu. Kifungio kikigoma kuachia, kinachoachia ni mfupa."

"Kwa hiyo natoka Bowie, nawapita mafundi wote wa Kizungu, nakuja kwa mtu wetu, halafu mtu wetu ndiye ananikatalia?"

"Asiye wako angekuambia kanuni hairuhusu, akakuacha uende nazo."

"Diploma imekupanda kichwani, bwana."

"Ndiko inakokaa, Mzee."

Mkuu wa karakana akainua uso. "Ndugu Mwenyekiti, naibu wangu amesema. Mimi sina la kuongeza."

Mwenyekiti akaanza kukusanya skii zake. Niliona wazi kwamba angetafuta bisibisi akazikaza mwenyewe, na Jumamosi mtoto angepanda nazo mlimani. Nikamwambia, "Zivae wewe kwanza." Mguu wa Neema ulikuwa umefikia saizi ya baba yake, jambo lililokuwa utani wa nyumba nzima, hivyo mabuti yalimtosha baba. Nilimsimamisha juu ya zulia kwa skii moja, ncha yake nimeibana katikati ya miguu ya meza.

"Sasa geuka kama mtu anayeanguka. Polepole."

Akageuka. Mwili ulikwenda, mguu ukabaki. Akashuka chini taratibu akishikilia meza, na sura ikambadilika.

"Niachie!"

"Sijakushika, Mzee."

Neema alicheka, kisha akamtazama baba yake goti, akamshika bega. Ilibidi mkuu wa karakana atumie bisibisi kumtoa. Mwenyekiti akakaa akisugua goti, bila kunitazama. "Mkodishie za dukani," akasema. Nilizipima na kuzirekebisha kwa uzito wa Neema, kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nimerudi Morogoro, na nyumba ninayokaa nimeijenga kwa kazi hiyo. Vijana huuliza ujuzi wa theluji una faida gani hapa. Mimi mwenyewe sikuteleza hata siku moja, na sijutii. Fundi hupimwa kwa kile kinachofika nyumbani baada ya kazi yake kutumika. Huwasimulia simu aliyonipigia Mwenyekiti Jumamosi ile jioni.

"Huyu mtoto analalamika. Ameanguka vibaya, kifungio chako kimeachia, skii imebaki juu. Imebidi apande mlima kuifuata kwa miguu."

"Kwa miguu mingapi, Mzee?"

"Miwili," akasema.