Migomba ya Selemani

Asubuhi ile ya migomba naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nakuandikia kwa sababu jana ulikuja hapa Mafiga ukilalamika kwamba vijana wanaolala stendi, ambao shirika lenu linawatoa na kuwapa chumba, wanarudi kulekule. Ukasema hawana shukrani. Nilikuachia useme, maana mimi niliishia darasa la saba na wewe umeyasomea mambo haya. Lakini neno lako sijalikubali.

Nilikuwa msichana, nakaa kwa mama mkubwa Zena, mlimani juu ya Mkuyuni. Siku moja ya gulio alirudi kutoka sokoni na kijana anaitwa Selemani, ambaye wazazi wake walikuwa wamefariki naye akawa analala chini ya meza za sokoni. Kaka yake mama mkubwa, yaani mjomba wangu, ndiye aliyesimamia ardhi ya ukoo wetu. Akampa Selemani kibanda na kipande cha kulima. Sasa kwetu, mtu asiye wa ukoo akiazimwa shamba hupanda mahindi, maharage, mboga. Vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hapandi. Mgomba unakaa miaka, na aliyeupanda ni kama ameshasema pale ni pake.

Selemani alilima vizuri, nisimwonee. Ila kila akishavuna, alishuka sokoni akalala chini ya meza zilezile. Mjomba anamfuata, anamgombeza, anamrudisha. Mwaka unaofuata, yaleyale. Hata mimi nilishamchoka.

Basi asubuhi moja tukakuta migomba michanga pembeni ya kibanda chake, imepangwa mstari na kuwekewa majani makavu kwenye mashina. Mjomba alipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia.

"Nani kakwambia upande hii?"

"Shikamoo, mjomba."

"Shikamoo yako kaa nayo! Ng'oa!"

"Nitang'oa. Ila nikimaliza naondoka, na safari hii usinifuate sokoni."

"Unanitisha? Shamba nimekupa, pa kulala nimekupa. Unataka nini tena, kofia yangu?"

Mama mkubwa alikuwa anamenya mihogo. Akaweka kisu chini. "Kaka, kila mwaka tunamwambia huyu kijana atulie, na hapohapo tunamkataza kupanda kitu cha kudumu. Atulie wapi?"

"Ardhi ni ya ukoo, Zena. Huyu naye atalima wapi?" Akaninyooshea mimi kidole.

Lazima niseme haki. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Kipande kile kingekuja kuwa changu, na kweli nilikitaka.

"Sijasema umpe ya ukoo," mama mkubwa akamjibu. Kisha akamgeukia Selemani. "Na wewe mdomo unao! Kwa nini unapanda kimyakimya kama mwizi?"

"Ningemwambia nani, mama? Kila siku mnaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kukaa wapi."



Mama mkubwa alikuwa na kiwanja karibu na barabara, alichonunua mwenyewe kwa biashara yake ya ndizi, na ukoo haukuwa na neno nacho. Akamuuzia Selemani, alipe kidogo kidogo kwa mavuno, mjumbe wa nyumba kumi akishuhudia. Mjomba alinuna kweli, lakini ndiye aliyemsaidia kubeba ile migomba kushuka nayo. Usidhani mambo yalinyooka. Selemani aligombana na majirani, na kuna msimu alishindwa kulipa akajificha. Lakini hakurudi tena chini ya meza. Mpaka leo anauza ndizi za kiwanja kile.

Sasa mwanangu, angalieni chumba chenu. Kijana hajaweka hata mfuko wake chini, mmeshamwambia tarehe ya kutoka. Kupigilia msumari ukutani marufuku. Ufunguo anao mlinzi. Halafu mnashangaa! Inaniudhi, nisikufiche. Labda sijui shida zenu. Vyumba ni vichache na wengine wanangoja, na hapo mna haki yenu kama mjomba alivyokuwa na yake. Huenda nakosea. Lakini nasaha yangu ni hii: muulize kwanza anataka kukaa wapi. Mtafutie pa kupanga kwa jina lake, hata pawe padogo, achangie kodi kwa jasho lake. Wewe simama mbele ya mwenye nyumba umdhamini, maana sahani ya pilau hupewa na kila mtu, lakini wa kumdhamini hana. Akikosea mgombeze, ila usimfukuze.

Na yule kijana uliyesema jana kwamba ameshindikana, mlete Jumamosi. Chumba changu cha uani kiko wazi na ufunguo atakaa nao yeye. Kodi tutaelewana mimi na yeye. Selemani ameniletea mche wa mgomba, uko kwenye ndoo; nitamwonyesha uwanja, achague mwenyewe pa kuupanda.

Mungu akupe subira, mwanangu, na kila kijana unayemshika mkono amjalie mlango wa kuufunga mwenyewe.