Mashine Mbili Kwenye Kiwanja cha Kamenge

Mama alitaka zile hereni kabla macho yake hayajazima kabisa. Zilikuwa za dhahabu, za dada yangu mdogo aliyefia njiani tulipokimbia vita. Picha yake hatuna. Siku ya kukimbia mama alimvua hereni asije akanyang'anywa, akazifukia uani kwetu Kamenge, kama kila mtu alivyofukia alichokuwa nacho. Nyumba iliungua baadaye, kikabaki kiwanja. Nilikubali kwenda kuzitafuta jinsi mtu anavyokubali kutumwa sabuni.

Fundi redio mmoja wa Buyenzi alikuja na mashine mbili za kutafutia madini.

"Hii ya zamani inatuma masafa moja tu," alinieleza. "Chuma, inalia. Zahabu, inalia vile vile. Hii mupya inatuma masafa mingi pamoja, inalinganisha majibu, inajua hii ni musumari, hii ni zahabu. Tutaiambia inyamaze kwa chuma."

Kiwanja kimejaa misumari ya paa lililoungua, kwa hiyo niliona anasema kweli. Tulipita na ile mpya asubuhi nzima. Ilikaa kimya kama mkwe ugenini. Mama, kwenye kiti chake cha plastiki, aliuliza kila mara, "Imesema?" Nilimjibu bado. Nilikuwa nawaza chakula.

Fundi alipoanza kufunga vitu vyake, ndipo nilipomuuliza mama alizitia kwenye nini.

"Mu kopo ya maziwa. We, ningezitupa mu udongo hivi hivi?"

Fundi akashika kichwa. Kopo la chuma! Tumeiamuru mashine ya bei ghali iruke kila chuma, na dhahabu imelala ndani ya chuma. Akawasha ile ya zamani, isiyojua kubagua. Ililia kila tulipokanyaga, nasi tukachimba kila ilipolia: misumari, bawaba, kijiko. Jua likishuka, kopo likatoka, limeoza kwa kutu, hereni zimo.

Nilidhani nitalia. Sikuhisi kitu. Nilizipangusa kwa shati nikamwekea mama kiganjani.

Alizipapasa muda mrefu kwa ncha ya kidole, kisha akanigeukia kwa wasiwasi, kama aliyeletewa za mtoto wa mwingine.

"Alikuwa mudogo hivi?"

"Ndiyo, mama. Hivi hivi."

Halafu nikakaa chini, pale pale shimoni.